Siku ya Mapumziko na Miji ya Kale ya Uingereza

Kila mwaka uingiapo mwezi wa Agosti, shule za Uingereza zikiwa zimefungwa, jamaa nyingi hufunga mizigo zikaenda kutazama jiji la London na miji ya kale iliyo mbali nalo. Baba, mama na watoto huanza aghalabu na Mnara wa London, ambao William Mshindi aliuanzisha baada ya ushindi wake wa mwaka 1066 ili kuwatia hofu wenyeji wa mji. Hupita katika Makumbusho ya Uingereza, ambayo mlango wake hauna ada, na hutoka humo wakiwa wameona vitu vingi kuliko vile kichwa kiwezavyo kuchukua. Kisha hupanda gari moshi. Mwendo wa saa mbili hivi kwenda kaskazini huwafikisha York. Mwendo mfupi zaidi kwenda magharibi huwafikisha Bath. Huko hutembea juu ya kuta, hupanda ngazi za minara, hununua picha za kupeleka kwa posta, watoto hulalamikia miguu yao, na wote hurudi nyumbani wamechoka na wameridhika.

Desturi hii yaonekana kana kwamba imekuwako tangu kale kama yalivyo mawe yenyewe, lakini umri wake ni mdogo sana mbele ya umri wa mawe hayo. Ili fundi wa kiwanda aweze kumchukua mkewe na watoto wake kwenda kutazama kanisa lililojengwa miaka mia nane iliyopita, yalihitajiwa mambo mawili ambayo babu zake hawakuwa na hakika nayo: siku ya mapumziko isiyomtia njaa, na mji wa kale usiobomolewa. Yote mawili yaligombaniwa, na kila moja lilikaribia kupotea.

Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa siku ya mapumziko limeundwa kwa maneno mawili, moja lenye maana ya takatifu na la pili lenye maana ya siku. Katika zama za kati mtu aliweka chini jembe au nyundo yake kwa sababu siku ile ilikuwa ya mtakatifu fulani, na safari iliyopumzisha moyo wake ilikuwa hija. Hija iliyopendwa kuliko zote katika nchi ile ilikuwa ya Canterbury. Huko, tarehe 29 Desemba 1170, watu wanne wa Mfalme Henry II, wenye panga mikononi, walimwua Askofu Mkuu Thomas Becket ndani ya kanisa lake mwenyewe. Mwaka 1173 Papa alimtangaza marehemu kuwa mtakatifu, na tangu hapo watu wa kila daraja wakamiminika kaburini kwake kuomba afya na msamaha. Geoffrey Chaucer, mshairi mkuu wa karne ya kumi na nne, aliwakusanya mahujaji wake katika nyumba moja ya wageni huko Southwark, upande wa kusini wa mto Thames, akawapandisha farasi pamoja. Na msomaji wake hupata taabu kujua ni wangapi miongoni mwao walikwenda kuomba na ni wangapi walikwenda kuiona dunia. Yamkini wao wenyewe hawakujua. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII aliamuru kaburi lile livunjwe na hazina zake zichukuliwe. Hija ikakoma, na njia ya Canterbury ikabaki kuwa njia ya wafanya biashara.

Siku za watakatifu hazikufa zote mara moja, ila ziliendelea kupunguzwa kidogo kidogo, mpaka karne ya kumi na tisa ilipozifutilia mbali. Benki ya Uingereza, ambayo ilikuwa ikifunga milango yake yapata siku 33 kila mwaka kwa ajili ya sikukuu, ilizipunguza mwaka 1834 zikabaki nne tu. Na karani wa benki alikuwa mtu mwenye heshima na kiti cha kukalia! Mfanyakazi wa kiwanda cha pamba hakuwa na hata hicho. Sheria ya viwanda ya mwaka 1833 ilihesabiwa kuwa sheria ya huruma, na miongoni mwa huruma zake ilikuwa kuwapa watoto waliofanya kazi viwandani siku ya Krismasi, Ijumaa Kuu, na nusu siku nane katika mwaka mzima. Hapana mzazi wa watoto hao aliyefikiri kuwapeleka York kutazama kuta. Wengi hawakupata kuuona mji wa pili ulio jirani na wao.

Gari moshi ndilo lililoanza kugeuza mambo, na mtu aliyetambua mapema kuwa lingeweza kuwabeba maskini kwa matembezi alikuwa seremala. Thomas Cook alitengeneza samani, alihubiri katika kanisa la Wabatisti, na aliuchukia ulevi kuliko jambo jingine lolote. Aliamini kuwa mtu asiye na mahali pa kwenda siku yake ya mapumziko huenda kwenye pombe. Tarehe 5 Julai 1841 alipanga na kampuni ya reli iwachukue watu 500 hivi kutoka Leicester mpaka Loughborough kwenye mkutano wa kupinga ulevi, kwenda na kurudi kwa shilingi moja. Mwendo wenyewe ulikuwa wa maili 11 hivi, nao walisafiri katika mabehewa yasiyo na paa. Safari ile fupi, yenye nia ya kuwaepusha watu na vilabu, ndiyo iliyozaa biashara ya kuwatembeza watu iliyokuja kuenea dunia nzima. Na vilabu, kwa bahati mbaya ya Cook, havikufungwa.

Jaribio kubwa lilikuja miaka kumi baadaye. Mwaka 1851 Waingereza walifanya katika bustani ya Hyde Park, London, maonyesho ya kazi za mataifa yote, ndani ya jumba la chuma na kioo lililobuniwa na Joseph Paxton, mtu aliyeanza maisha yake kama mtunza bustani. Maonyesho yalifunguliwa tarehe 1 Mei. Siku za kwanza kiingilio kilikuwa cha matajiri, lakini iliamuliwa kuwa tangu tarehe 26 Mei, kwa siku kadhaa za kila juma, mtu ataingia kwa shilingi moja. Uamuzi huo uliwatia wakubwa wengi wasiwasi. Hawakuwa wamesahau mwaka 1848, viti vya enzi vilipotikisika Ulaya nzima, na maelfu ya wafanyakazi wa Uingereza walipokusanyika Kennington, kusini ya London, kudai haki ya kupiga kura. Sasa watu wale wale wangeletwa kwa magari moshi mpaka katikati ya jiji, waingizwe katika jumba la kioo lililojaa dhahabu na almasi! Wako waliotabiri wizi, wako waliotabiri maradhi, na wako waliotabiri maasi.

Wafanyakazi walikuja. Walikuja wakiwa wameweka akiba ya senti chache kila juma, kwa miezi mingi, katika vyama vilivyoundwa viwandani na vijijini kwa ajili ya safari hiyo tu. Thomas Cook peke yake aliwasafirisha zaidi ya watu laki moja. Walikuja waume na wake zao, watoto wakishikwa mikono, chakula kikiwa ndani ya vikapu, wakaketi kula karibu na chemchemi ya kioo iliyokuwa katikati ya jumba. Siku moja ya Oktoba, tarehe 7, waliingia zaidi ya watu 109,000, na kioo hakikuvunjwa. Maonyesho yalipofungwa tarehe 15 mwezi huo, watu walikuwa wameingia zaidi ya mara milioni sita, na faida iliyobaki, kiasi cha pauni 186,000, ilitumiwa kununua ardhi ya South Kensington ambayo majumba makubwa ya makumbusho yamesimama juu yake. Mtoto wa leo anayetazama mifupa ya wanyama wa kale katika majumba hayo hajui kuwa amekanyaga ardhi iliyonunuliwa, kwa sehemu yake, kwa shilingi za wafuma nguo.

Walakini, kuonekana kuwa na adabu ni jambo moja, na kupewa nafasi ni jingine. Mfanyakazi alikuwa na siku moja tu katika juma, nayo ilikuwa Jumapili. Na Jumapili milango ya makumbusho ilifungwa, kwa kuwa watu wa dini waliona ni dhambi kutazama picha na sanamu siku ya Bwana. Kwa hivyo jumba lililotunzwa kwa kodi ya watu wote liliwafungia wengi wao siku ya pekee waliyokuwa na miguu huru. Jumba la kifalme la Hampton Court, ambalo Malkia Victoria aliwafungulia watu bila ada mwaka 1838, liliachwa wazi hata Jumapili, na jamaa za London zililijaza. Bado wakubwa wa makumbusho walishikilia kufuli zao. Ubishi huo ulichukua zaidi ya miaka hamsini. Haukumalizika mpaka mwaka 1896, Bunge liliporidhia kuwa Makumbusho ya Uingereza na Jumba la Picha la Taifa yafunguliwe Jumapili alasiri. Mtu aliyezaliwa mwaka wa yale maonyesho alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Sheria za mapumziko nazo zilikwenda kwa mwendo wa kobe. Mwaka 1871 John Lubbock, mwenye benki na mwanachuoni wa mambo ya kale, alipitisha Bungeni sheria iliyoziongeza siku ambazo benki hufungwa, miongoni mwake Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Sheria ilitaja benki, lakini maduka na viwanda vikafuata, na Jumatatu ile ikawa siku ya watu kumiminika katika vituo vya reli. Ila siku hiyo haikuwa na ujira. Aliyekwenda kutembea alilipa mara mbili, nauli kwa mkono mmoja na mshahara uliokatwa kwa mkono wa pili. Ilikuwa mwaka 1938, mwaka mmoja kabla ya vita, ndipo sheria ilipoanza kuwapa wafanyakazi wengi njia ya kupata juma zima la mapumziko pamoja na ujira wao.

Hapa yafaa kumkumbuka mgeni mmoja aliyetoka mbali. Mwaka 1875 Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alikwenda Uingereza, miaka miwili baada ya kutiwa sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Alipokewa na Malkia Victoria, na baada ya London alipelekwa Birmingham, Liverpool na Manchester. Habari za safari yake zikaandikwa kitabu kwa Kiarabu. Miji hiyo ilikuwa ya moshi, mashine na mabandari. Taifa linapotaka mgeni wake ajue nguvu zake humwonyesha viwanda, na hapana shaka Sultani alielewa alilokuwa akionyeshwa. Jamaa ya mfanyakazi wa Manchester, ambayo ilivitazama viwanda hivyo kila alfajiri, ilipopata siku yake ilitaka kwenda kwingine.

Na huko kwingine, je, palikuwapo? Tuchukue Stratford, mji mdogo ulio kando ya mto Avon, alikozaliwa William Shakespeare mwaka 1564 na alikofia mwaka 1616. Katika karne ya kumi na nane nyumba ya mwisho ya mshairi ilikuwa mali ya kasisi mmoja, Francis Gastrell. Bustanini palikuwa na mforsadi ambao watu waliamini kuwa Shakespeare aliupanda kwa mkono wake, na wageni hawakuacha kubisha mlango wakitaka kuuona. Kasisi alichoka. Mwaka 1756 aliukata mti. Mwaka 1759, baada ya kugombana na mji juu ya kodi, akaibomoa na nyumba, kisha akahama huku wenyeji wakimlaani. Mbao za mti ule zilinunuliwa na fundi mmoja wa mji, Thomas Sharp, ambaye alichonga visanduku, vikombe na vijiko akaviuza kwa wageni kwa zaidi ya miaka thelathini. Vilikuwa vingi hata watu wakaanza kuuliza ni mti gani huo usiokwisha. Na mwaka 1799, karibu na kufa kwake, Sharp alikula kiapo kuwa hakupata kutumia mti mwingine.

Sherehe kubwa ya kwanza ya kumtukuza Shakespeare mjini kwake ilifanywa mwaka 1769 na mwigizaji David Garrick. Ilikuwa ya siku tatu; mvua ilinyesha, mto ukafurika, maandamano yakavunjwa, na katika siku zote tatu haukuchezwa mchezo hata mmoja wa Shakespeare. Hata hivyo mji ulikuwa umekwisha kuijua kazi yake mpya. Nyumba aliyozaliwa mshairi, ambayo sehemu yake ilipata kuwa duka la nyama, ilipigwa mnada mwaka 1847, na ikavuma kuwa Barnum, Mmarekani mwenye kuonyesha maajabu kwa fedha, alitaka kuing'oa na kuipeleka kwao. Aibu ilifanya kazi ambayo mapenzi hayakuifanya. Zilichangwa pauni 3,000, Charles Dickens akiwa miongoni mwa waliohimiza mchango, na nyumba ikanunuliwa kwa ajili ya umma.

York haikuwa na Barnum wa kuitia aibu. Mji huo uliasisiwa na Warumi mwaka 71; ndiko Constantine alikotangazwa na askari wake kuwa Kaisari mwaka 306; na kuta zake za zama za kati zauzunguka kwa zaidi ya maili mbili. Mwaka 1800 halmashauri ya mji ilitaka kuzibomoa. Si haki kuwacheka watu hao. Malango yalikuwa membamba, magari yalikwama, mawe yaliyoanguka yaliweza kumwua mpita njia, na gharama za kutengeneza ukuta usiozuia adui yeyote zilitoka katika mifuko ya wenyeji. Walizuiwa na wenye sheria na wapenda mambo ya kale, nao wakaendelea kubomoa vipande vipande. Kila lango kubwa lilikuwa na kingo ya mawe iliyotokeza mbele yake kama mikono miwili, ili adui anaswe kabla ya kuufikia mlango. Katika miaka ya 1820 na 1830 kingo hizo ziliangushwa moja baada ya nyingine, ijapokuwa mchoraji William Etty, mtoto wa mwoka mikate wa mji huo huo, aliandika barua na kuwasihi wenzake. Ilisalimika moja tu, ya lango la Walmgate, na hapana lango jingine la mji katika Uingereza nzima lililo nayo.

Kisha likaja gari moshi, na likataka kuingia ndani. Mji ulikubali ukuta utobolewe, na mwaka 1841 stesheni ikafunguliwa upande wa ndani. Jamaa inayotembea leo juu ya ukuta wa York hupita juu ya tao lililokatwa kwa ajili ya reli hiyo. Wachache husimama kulitazama, kwa maana halikuandikwa kwa herufi kubwa katika vitabu vyao. Lakini pale ndipo kilichowaleta wageni kilipouvunja ukuta ambao wageni huja kuuona.

Vitabu hivyo vya kuongoza wasafiri vina sura yao ya huzuni. Vilivyosifika kuliko vyote vilikuwa vya nyumba ya Kijerumani ya Baedeker, ambayo ilitia nyota pembeni mwa majengo yaliyostahili kutazamwa. Mwishoni mwa Machi 1942 ndege za Uingereza ziliichoma Lübeck, mji wa kale wa mbao wa Ujerumani. Wajerumani walijibu kwa kuichagua miji ya Uingereza ambayo sifa yake ilikuwa ukale wake: Exeter, Bath, Norwich, York, kisha Canterbury. Msemaji mmoja wa serikali ya Berlin alitamka kuwa yatapigwa majengo yote yenye nyota tatu katika Baedeker, ijapokuwa kitabu chenyewe hakikupata kutoa nyota tatu. Huko Bath, katika siku tatu za Aprili, walikufa zaidi ya watu 400. Huko York ukumbi wa karne ya kumi na tano uliteketea kando ya mto. Huko Canterbury, usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni, watu walisimama juu ya paa la kanisa kuu wakiyatupa chini mabomu ya moto kwa mikono yao, na kanisa likasimama huku mitaa ya jirani ikiungua. Desemba 1943 mabomu ya Uingereza yaliiteketeza Leipzig, pamoja na nyumba ya Baedeker na nyaraka zake.

Bath iliponywa majeraha hayo kwa bidii. Mji huo umejengwa juu ya chemchemi ambayo maji yake hutoka ardhini yakiwa na moto wa digrii 46, nayo hutoka zaidi ya lita milioni moja kila siku. Warumi waliijengea mabirika na hekalu, na katika karne ya kumi na nane wasanifu wawili, John Wood na mwanawe mwenye jina hilo hilo, waliujenga mji upya kwa mawe ya rangi ya asali. Kazi ya mtoto, nyumba 30 zilizopangwa kwa umbo la mwezi mwandamo, ilimalizika miaka ya 1770, na hapana jamaa iendayo Bath isiyopiga picha mbele yake. Kumbi za dansi zilizochomwa mwaka 1942 zilijengwa tena na kufunguliwa mwaka 1963.

Lakini katika miaka ile ile ya kujenga, halmashauri ilikuwa ikibomoa. Majumba ya wakubwa yalilindwa. Nyumba ndogo za karne ile ile, za mafundi, wafua nguo na wachukuzi waliowabeba wakubwa hao katika viti vyao, zilihesabiwa kuwa uchafu, zikaondolewa safu kwa safu. Mwaka 1973 Adam Fergusson aliandika kitabu kuueleza uharibifu huo, na kelele zilizofuata zilisaidia kuusimamisha, ingawa mitaa mingi ilikuwa imekwisha kwenda. Upande wa kusini wa mji, karibu na stesheni, mahali pa nyumba za kale palijengwa maduka ya zege katika miaka ya 1970. Hayakupendwa na mtu. Mwaka 2007 nayo yakaanza kubomolewa, na jamaa inayoshuka leo kutoka garini hupokewa kwanza na maduka mapya, yaliyovikwa mawe ya rangi ya asali na kupewa madirisha ya kuiga zile nyumba zilizokuwa zimesimama pale tangu mwanzo.